Mstari wa Rangi ya Kucha

Nyumbani kwako, chumba cha nyuma,
Jumatatu asubuhi, tarehe kumi na moja.

Mpendwa dada yangu,

Nilipofika chini ya ule mteremko nikaona mtu amekaa kando ya barabara, ameushika mkono wake wa kulia kama amebeba kifaranga, na baiskeli imelala pembeni. Nilimjua kwa fulana kabla sijamwona uso. Ile ya kijani uliyomtumia wewe. Alikuwa shemeji.

Nisamehe, nimeanza vibaya. Barua haianzi hivyo, hata mimi niliyeishia darasa la nne najua. Hujambo dada? Mgongo je, bado unakuuma ukiinama? Baridi ya huko imepungua au bado unalala na soksi? Sisi ni wazima, maana tunapumua. Binti yako Kasuku anaenda shule, jino la mbele limeng'oka ila domo liko palepale. Mama miguu inamsumbua, lakini bado anajikokota hadi kwa jirani kupeleka maneno na kurudi na mengine.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu siiwezi. Ukipiga, shemeji anakaa pembeni. Halafu mimi nikisikia sauti yako nanyamaza, unaniuliza "Kobe, upo?", nasema nipo, basi, yanaishia hapo. Karatasi hainiulizi kama nipo.

Shemeji alikuambia alichubuka mkono kwenye mashindano. Dada, hakuchubuka. Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia, na huo ndio mkono wa wembe. Aliyemvunja ni mimi. Soma polepole, nitakueleza yote, maana hakuna mwingine atakayekueleza.

Unajua tulivyoingia humo. Ulipoondoka nyumba ilipoa, shemeji akawa hapati usingizi, akaanza kukimbia alfajiri ili achoke. Mimi nikamfuata, nilimwonea huruma kukimbia peke yake kama mtu aliyefukuzwa. Siku moja mteja wake, yule mwalimu wa kuogelea, akiwa kwenye kiti na povu mashavuni, akamwambia kuna mashindano ya watu wa kawaida tu wenye kazi zao. Unaogelea karibu kilomita nne, ukitoka majini unapanda baiskeli kilomita mia na themanini, ukishuka unakimbia arobaini na mbili, yote siku moja. Kinyozini, hapo chumba cha mbele, watu walicheka mpaka shemeji akazima mashine awasubiri wamalize. Mmoja akauliza, "Kwani mmeiba nini, mpaka mkimbie majini na nchi kavu?" Shemeji akamwambia, "Tulia hapo, nisije nikakurudisha kwa mkeo na sikio moja."

Mwaka mzima, dada. Kuogelea alinifundisha shemeji, kwenye bwawa la shule ya yule mwalimu, mkono wake chini ya tumbo langu kama anaogesha mtoto. Ananiambia, "Kobe gani huyu anaogopa maji?" Baiskeli ikawa zamu yangu kumfundisha: kubadili gia kabla mlima haujakushika, kunywa maji bila kushuka, kusikiliza cheni inasema nini. Tukirudi Kasuku anatuvua soksi huku ameziba pua.

Ule mwaka nilikuwa mtu. Sijui niseme vipi. Mimi ambaye nikiingia dukani nasubiri wote waondoke ndipo niombe kiberiti, nilikuwa na kitu ambacho watu wakinisalimia wanakiulizia. Wananiuliza, "Vipi, mazoezi?" Na mimi nina jibu.

Sasa sikia kosa lenyewe. Unaikumbuka sheria ya Mzee, bosi wangu pale karakana ya baiskeli, ulikuwa unatucheka kwamba wanaume wazima wananunua rangi ya kucha. Kila bolti tukishaikaza tunaipaka mstari mwembamba mwekundu, nusu juu ya bolti, nusu juu ya chuma. Bolti ikijilegeza mstari unakatika, unaona kwa macho tu. Ukiukuta mstari mzima ujue pamekazwa, huna haja ya kushika spana tena. Kaza, kisha paka. Mzee anatuambia hiyo ndiyo dua yetu ya asubuhi. Miaka sita niko pale, sikuwahi kupaka kabla ya kukaza.

Wiki ile ya mashindano tuliletewa baiskeli kumi na mbili za washindani tuzikague. Ya shemeji nikaiweka ya mwisho, wa nyumbani si atasubiri, wageni kwanza. Alitaka usukani upande juu kidogo, upana wa kidole, mgongo usimchoke. Nikalegeza bolti mbili za shingo ya usukani, nikapandisha, nikazirudisha kwa vidole tu. Hapo nikaona kichupa cha rangi kinakauka. Nilishakitilia dawa ya kufutia rangi kuanzia asubuhi, brashi imeanza kuwa jiti. Nikajisemea, nipake sasa hivi ingali laini, halafu ndiyo nikaze. Dakika moja tu.

Nikapaka. Mwalimu wa kuogelea akapita na gari, akapiga honi, wanafunga dirisha la kuchukulia namba za mashindano, twende upesi. Nikaenda na mikono ya grisi.

Niliporudi nilikuwa naishangaa ile namba yangu kuliko kazi. Nikaiangalia baiskeli ya shemeji, nikaona mistari myekundu, mizima, imenyooka. Nikachukua kitambaa nikaifuta mpaka ikang'aa, nikaitundika. Niliuamini mstari, dada. Mstari niliouchora mwenyewe kwa mkono wangu.

Ya majini sitakuchosha. Nilipigwa teke la mdomo, nikanywa ziwa kiasi changu, nikatoka na wazee. Shemeji alishatoka zamani. Lakini baiskeli nikaanza kuwapita watu mmoja mmoja, wengine na baiskeli zao za kifahari ambazo cheni zinalia kiu. Nikajisemea nitamkuta shemeji kabla ya kukimbia, nimtanie kidogo, nimwambie kobe kafika. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Mimi, nimepanga maneno.

Nikamkuta kilomita ya tisini na kitu, chini ya mteremko wa machimbo ya mawe.

Mama mmoja wa mashindano, mwenye fulana ya manjano, alikuwa anamfunga mkono kwa kitambaa. Shemeji aliponiona akapunga ule wa kushoto. "Pita, Kobe. Pita wewe. Mchanga tu huu." Nikaweka mguu mmoja chini. Nikaangalia barabara. Mchanga ulikuwepo, mdogo, wa kawaida. Nikaangalia baiskeli. Gurudumu la mbele linatazama barabara, usukani unatazama mtaroni. Na zile bolti mbili, mistari imekatika katikati, kipande huku, kipande kule.

Nilijua palepale. Fundi hahitaji kuambiwa.

Yule mama akaniambia, "Kaka, endelea, gari la wagonjwa liko njiani, huna la kufanya hapa." Nikaendelea.

Hapa watu hawajui ukweli. Mtaani wanasema Kobe ana moyo, alimwona shemejiye ameanguka akakaza roho akamaliza kwa niaba yake. Dada, sikuendelea kwa moyo. Niliondoka kwa sababu niliogopa mtu asije akaiinua ile baiskeli nikiwa nimesimama pale. Nilikimbia. Kilomita themanini na kitu za baiskeli na arobaini na mbili za miguu, zote nilikuwa namkimbia shemeji.

Kwenye kukimbia watu walijipanga kando ya barabara wanapiga makofi. Wanatoa maji, wanatoa sponji, mtoto mmoja ananinyooshea kiganja nikigonge. Sikukigonga. Nilitapika mara mbili nyuma ya kituo cha mafuta. Miguu ilikuwa inaniuma mpaka nikaifurahia, maana ikiuma sana nasahau. Ikipoa kidogo nauona ule mstari. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea. Nilifikiri nikae chini tu, wanibebe, lakini wangenipeleka kwenye hema la wagonjwa, na shemeji angekuwa humo.

Kumbe alishatoka hospitali. Jua limezama, mimi wa nne kutoka mwisho, nikamwona amesimama palepale kwenye mstari wa mwisho, plasta mpaka kwenye kiwiko, fulana ya kijani imepasuka bega. Aliwaomba wamwachie medali anivishe yeye. Akanivisha kwa mkono mmoja, utepe ukashika sikio, tukahangaika nao. Akasema, "Sasa nyumbani kwetu kuna mwanamume mmoja." Watu wakacheka. Nikalia, wakadhani ni furaha.

Kesho yake nikaenda uwanjani kuichukua baiskeli yake. Nilikwenda nimejiandaa kuiona ile mistari tena kwa mwanga wa mchana. Haikuwepo. Ilikuwa imekwanguliwa, bolti nyeupe, safi, kama hazikuwahi kupakwa kitu. Nikafikiri labda nimechanganyikiwa kwa uchovu. Nikarudi nyumbani. Tumekaa mezani, shemeji anahangaika na kijiko kwa mkono wa kushoto, Kasuku anamwangalia. Akasema, "Baba kapaka rangi ya kucha kidole kimoja tu." Shemeji akaficha dole gumba chini ya meza. Akasema ni damu hiyo, mama.

Damu haiwi na rangi ile siku ya pili, dada.

Kwa hiyo anajua. Alijua akiwa bado amekaa pale chini, mkono umevunjika, na kitu cha kwanza alichofanya kwa mkono mzima ni kukwangua kosa langu lisionekane. Leo ni wiki ya tisa hajasema neno. Kwa wateja anasema mchanga. Mzee wa karakana alipokuja kumpa pole akamwambia mchanga, Mzee akaniangalia, mimi nikaangalia viatu vyangu. Angenitukana ningepumua. Angenipiga ningemshukuru. Anaponiambia "Kobe, kula, umekonda" natamani ardhi ifunguke.

Plasta imetolewa wiki mbili zilizopita. Mfupa umeunga. Lakini kidole cha mwisho na cha pete havina habari na mwenyewe. Ukivigusa kwa maji ya moto hajui, mpaka avitazame. Daktari wa mifupa anasema mshipa wa fahamu uliumia, unaweza kurudi, unaweza usirudi. Shemeji alijaribu kazi siku ileile, akamkalisha rafiki yake, akashika mashine. Ikaanguka mapajani kwa yule bwana inaunguruma. Wakacheka wote wawili. Rafiki yake akasema, "Huko sikukuagiza unyoe." Walipomaliza kucheka, shemeji akaizima mashine, akaifunga waya wake vizuri, akaiweka kwenye droo. Mimi nilikuwa mlangoni. Hajaitoa tena.

Kiti chake kipo, kioo kipo. Watu wanakuja, wanakaa kwenye benchi, wanasoma gazeti la mwezi uliopita, wanaongea, wanaondoka na nywele zao. Nafagia sakafu ambayo haina nywele. Nafagia tu, maana nisipofanya kitu pale naona kama kuta zinaninong'oneza.

Sasa nakuja kwako, na hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Umeshamwambia mwajiri wako kwamba mwisho wa mwaka unarudi. Kasuku alikuwa anakata siku kwenye kalenda ya kinyozini. Wiki iliyopita nilikuta shemeji ameigeuza kalenda, picha imetazama ukuta. Atakupigia. Atakuambia uongeze mwaka mmoja, atakupa sababu nzuri, labda ataongeza kiti cha pili, labda paa. Usiziamini sababu zake. Sababu ni mimi. Kasuku akiota jino jipya bila wewe kuliona, ni kwa sababu kuna siku mjomba wake alishangaa karatasi yenye namba.

Sijakuandikia ili uniambie haidhuru. Usiniambie. Shemeji ananiambia kila siku kwa macho, na ndiyo inayoniua. Nimekuandikia ili mtu mmoja duniani ajue kama ilivyokuwa, na huyo awe wewe, kwa sababu wewe ndiye unayelipishwa na hujui kwa nini. Ukitaka nihame, nitahama. Ukitaka nisikuite dada kwa muda, nitajua umeamua, nitanyamaza, kunyamaza ndiko ninakokuweza.

Medali nimeitundika kwenye msumari wa spana pale karakana, nyuma ya makoti, na mistari sasa napaka rangi nyeupe. Mzee hajauliza. Nakaza, napaka, naondoka, narudi nakaza tena. Wenzangu wananiona nimerukwa na akili. Baiskeli yenyewe siipandi, natembea kwa miguu kwenda kazini.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri na usiwe unajibana. Hajui lolote, usimwandikie. Kasuku anakusalimu, anasema ukija uje na rangi ya kucha ili baba amalizie vidole vilivyobaki. Mwalimu wa kuogelea naye anakusalimu. Mungu akulindie mikono yako, dada. Zamani sikujua kama mkono unaombewa.

Ningeandika zaidi lakini lazima niondoke sasa. Shemeji ananiita. Leo saa nne anarudi kwa daktari, na hataki kwenda na ndevu za wiki tisa kama beberu. Alijaribu kujinyoa kwa kushoto akajikata. Vinyozi wengine amewakataa, unajua maringo yake, hajawahi kumruhusu mtu yeyote amguse shingo. Namwona kwa mlango, amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, taulo amelivuta kwa meno mpaka mabegani, maji ya moto yako kwenye beseni, wembe ameuweka kwenye kitambaa. Ananiambia, "Njoo wewe Kobe, mkono wako ni wa fundi, hautetemeki."

Unatetemeka, dada, angalia mwandiko.

Nimeamua sitaushika huo wembe kabla sijamwambia kwa mdomo wangu: shemeji, sikukaza. Maneno mawili tu. Akishayasikia, akiondoka kwenye kiti nitamwelewa. Na akiinua kidevu, nitamnyoa. Ngoja niende, maji yanapoa.

Mdogo wako akupendaye hata usipotaka tena,

Kobe